Gari limezeeka: je, oili nzito ndiyo dawa?

Magari mengi yanayobeba abiria na mazao vijijini kwetu ni mitumba ya Japani. Likianza kuchoka, fundi husema: weka 20W-50. Tumeona tulifafanue hili.

Namba iliyo kabla ya W huonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Ikiwa ndogo, oili hupanda haraka asubuhi. Ya pili huonyesha uzito wake injini ikipata moto.

Injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, yaweza kupata nafuu kwa oili nzito kidogo. Lakini oili haifufui ringi zilizokwisha. Tena injini za VVT-i, kama za Toyota Probox, zina njia nyembamba za oili. Ikiwa nzito mno, huchelewa kufika unapowasha, na vyuma husuguana vikavu.

Kwa hiyo usiangalie umri pekee. Injini haili oili? Fuata kitabu cha gari. Inakula? Panda hatua moja tu, mfano kutoka 5W-30 hadi 10W-40, na upime kila wiki. Gari hilohilo ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku.