Nani Anyimwe Bunduki?

Sheria ya kumkataza mtu asiwe na bunduki si ngeni hapa Sekenke. Twaijua tangu enzi za Mjerumani, nayo ilituuma. Kwa hiyo leo tunaposema kwamba wako watu ambao ni lazima wanyimwe bunduki, twataka tueleweke vizuri.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakaafikiana kwamba bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika. Sisi tuachiwe gumegume. Wajerumani walipoanza kuchimba dhahabu Sekenke mwaka 1909, mchimbaji mweusi alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa kukatazwa. Hakuiba wala hakuua. Kosa lake lilikuwa ngozi yake. Kisha vita vilipowabana, mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikafuliwa Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Na Mwafrika yule yule akavishwa uaskari, akapewa bunduki awapiganie. Kumbe mikono yetu ilifaa kushika bunduki, maadamu faida si yetu!

Sheria ya namna hiyo tuliikataa, na tungeikataa hata leo. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni jambo jingine. Haiulizi rangi wala kabila. Inauliza: Umefikisha miaka 25? Akili zako ni timamu? Je, u mtumwa wa pombe au wa dawa za kulevya? Umepata kuhukumiwa kwa makosa ya kudhuru watu? Umefundishwa kuitumia silaha? Mtu anakatazwa kwa hali yake na matendo yake, si kwa kuzaliwa kwake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya amri ya bwana na sheria ya wananchi.

Wako wanaosema kwamba mtu huru ni mwenye bunduki. La hasha! Uhuru wa 1961 tuliupata bila kufyatua risasi. Na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, silaha zilipozagaa na wezi wa ng'ombe wakatamba, majirani zetu wa Unyamwezi na Usukuma waliunda Sungusungu. Walishika pinde na mishale, wakapiga yowe pamoja. Kilichowalinda kilikuwa umoja wao.

Sasa tuseme ukweli. Sheria iliyo kitabuni haimshiki mtu mkono. Maombi ya kumiliki bunduki huanzia kijijini, ndipo yapande wilayani na mkoani. Nani amjuaye mlevi wa kijiji? Nani amjuaye mume ampigaye mkewe, au kijana aliyetoka gerezani jana kwa kumkata mwenzake panga shimoni? Si mkubwa aliye Dar es Salaam. Ni mwenyekiti wa kijiji, ni balozi, ni sisi majirani. Mwenyekiti anayepiga mhuri kwa kupewa bahasha, akaandika kwamba mtu huyu ni mwema, amemkabidhi bunduki kwa mkono wake mwenyewe. Siku damu itakapomwagika asiseme hakujua.

Wala sheria isiwe na macho mawili. Maskini akikutwa na gobole la kushindilia analolindia shamba, hushitakiwa kwa uhujumu uchumi. Tajiri anayeweka bastola yake juu ya meza ya baa, chupa ya tano ikiwa mkononi, huitwa mheshimiwa. Kibali chake kilikuwa halali siku alipopewa. Je, bado anastahili leo? Sheria inaruhusu kumnyang'anya. Basi na anyang'anywe.

Twaona mambo matatu yanafaa kufanywa. Kwanza, mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa la kudhuru, polisi waende siku ile ile kuichukua bunduki yake, wasingoje auwe mtu. Pili, wazee, na hasa kina mama, wasikilizwe kijijini kabla ya mhuri kupigwa, kwa kuwa wao ndio wanaoyajua ya ndani ya nyumba. Tatu, bunduki ya marehemu hairithiwi kama ng'ombe: mrithi aipeleke polisi, naye aombe kibali kama mtu mwingine yeyote. Serikali ilitoa msamaha mwaka 2022 na tena 2023 kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Msamaha wa namna hiyo utakapotangazwa tena, utangazwe mpaka kwenye mashimo ya wachimbaji, si mjini tu.

Mkoloni alitunyima bunduki kwa sababu alituogopa. Sisi tunamnyima mtu hatari kwa sababu tunapenda watu wetu waishi. Ndugu mwanachama, jirani yako akikujia kuomba sahihi yako, mtazame vizuri, ukumbuke watoto wanaolala nyumba ya pili. Kisha ndipo uamue.