Pakruok imeingia kwenye simu

Huwezi kuzungumzia mitandao na muziki wa jukwaani kanda ya Ziwa Victoria nchini Kenya ukaiacha pakruok. Katika muziki wa Waluo wa ohangla na benga, shabiki humwita mwimbaji, bendi ikashusha sauti, na shabiki huyo akashika maikrofoni ajisifu, awataje marafiki, ukoo na kijiji chake. Anatoa noti, ngoma zinapanda tena. Msikilizaji ni sehemu ya onyesho, na noti ile ni ujira wa msanii.

Utamaduni huo ulizisubiri simu. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza 2007. Mwaka 2016 Facebook ikamruhusu kila mtu kurusha video mubashara. Tangu hapo, mtoto wa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, aliyehamia Dubai anaweza kutazama bendi ikipiga kwao usiku uleule na kumtumia mwimbaji pesa wimbo ukiendelea. Kumbi zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, njia hiyo ikawa karibu ndiyo pekee iliyobaki.

Tatizo ni sauti. Simu moja ikiinuliwa katikati ya meza hunasa milio ya chupa na vicheko, ngoma zikagongana, na maneno ya mwimbaji yakapotea. Waya wa kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, hadi kwenye simu hubadilisha kila kitu. Bendi iweke pia namba yake ya till, ya kupokelea malipo, kwenye skrini, pesa zisiishie kwa aliyeshika simu. Na shabiki wa mbali atajwe jina papo hapo, kama aliyeketi ukumbini mtaani Kondele, Kisumu. Hicho ndicho anacholipia.