Samaki wa Oktoba Hayuko Chini

Kila mwaka Septemba ikianza kuchoma, ukingoni mwa ziwa la Karavia, hapa Lubumbashi, husikika fatwa ileile: jua limekuwa kali, samaki wameshuka chini kutafuta baridi, ongeza chubwi. Vijana wanatii. Wanafunga risasi juu ya risasi, ndoano inazama kwenye tope, na jioni wanarudi Katuba au Kamalondo na ndoo tupu. Njiani wananunua thomson wa kwenye friji, samaki aliyevuliwa bahari ya Namibia, ilhali wao wametoka ziwani muda huo huo.

Nasema wazi: fatwa hiyo haina ukweli. Inaishi kwa sababu hutolewa na watu wazima, na kwetu mtu mzima habishiwi mbele ya wenzake.

Kwanza, nani aliwaambia kwamba tilapia anakimbia joto? Huyu ni samaki wa maji ya vuguvugu. Hula vizuri na kukua haraka maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Kinachomtesa ni Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi unapouma hata mbwa akatafuta jiko. Maji yakipoa hadi karibu nyuzi 16, anakaribia kuacha kula kabisa. Oktoba ndiyo sikukuu yake, nasi tunamhurumia kana kwamba ana homa.

Haya, tukubali kwa ubishi kwamba anataka baridi. Ataipata wapi? Maji ya kina kifupi yakipigwa na upepo huchanganyika, na chini kukawa vuguvugu kama juu. Maji yenye kina, hasa yaliyokingwa na upepo, hujigawa: ya moto ni mepesi, hukaa juu; ya baridi ni mazito, hulala chini, na hayo mawili hayapatani. Hapo wazee hushangilia: si mnaona, baridi ipo! Ipo, lakini haina hewa. Majani, mizoga na taka zote huzama na kuozea huko, na vijidudu vinavyoozesha humaliza oksijeni yote. Ya juu haishuki kujaza pengo. Samaki anayekwenda kukaa huko anakwenda kufa.

Asiyeamini aangalie Tanganyika. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huishia karibu mita 100, na kusini hufika kama 200 hivi. Chini ya hapo, maji yote yale, hakuna samaki. Kivu ina mita 485. Samaki wadogo waitwao sambaza, waliohamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi kwenye tabaka la juu lisilozidi sana mita 60, na chini yao kuna gesi. Wavuvi wa Kalemie na Moba, kule Tanganyika, hawakuhitaji vipimo kulijua hilo. Wanawasha taa usiku wa giza, ndagala wanapanda kufuata vijidudu wanavyokula, nao wanachotwa karibu na uso wa maji. Biashara nzima ya ndagala imejengwa juu ya maji ya juu. Hata Marekani kuna samaki aitwaye crappie, kipenzi cha wavuvi wa ndoano, ambaye wakati wa joto huelea juu ya tabaka lile lisilo na hewa, huku akiwinda kwa kutazama juu. Chambo kikipita chini yake, hakioni.

Watetezi wa chubwi watanitajia kambare. Ni kweli, kambare hupenda chini. Lakini kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, ndiyo maana huonekana akipanda, akimeza hewa, akishuka tena. Anaweza kuvumilia tope ambalo lingemmaliza tilapia. Watatuambia pia kwamba saa sita mchana huku juu hakuna kitu. Kweli tena: mwanga ni mkali, ndege wanawinda, samaki amejificha kwenye kivuli cha matete. Kujificha pembeni chini ya majani si kuzama kilindini, na anayetaka kumpata amfuate huko huko kwenye majani.

Kuna sehemu ya imani hii inayonikasirisha zaidi. Alfajiri ya joto, tilapia wakionekana wamepanga midomo juu ya maji, watu hushangilia kwamba samaki wana njaa, na wengine huwamwagia makombo. Hao hawana njaa. Usiku mimea ya majini nayo hutumia oksijeni, na maji ya moto hubeba kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza hewa inakuwa imepungua kuliko saa yoyote nyingine. Samaki hao wanahema. Makombo yakioza yanawaongezea dhiki.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Karavia, punguzeni risasi. Fungeni boya, mwache ndoano ining'inie mita moja hivi kutoka juu, karibu na matete, asubuhi jua likishapanda kidogo, kisha tena jioni. Mkikuta samaki wanahema, waacheni. Na mvua ya kwanza ikiwatoa inswa, yaani kumbikumbi, mabawa yao yakatapakaa juu ya maji, msimuulize mzee yeyote samaki yuko wapi.