Tuzo za usalama mijengoni zisiwazibe vibarua vinywa

Kibarua wa mjengo mjini Wang'uru, katikati mwa Mwea, hulipwa kwa siku. Akivunjika kidole asubuhi, ujira wa kesho umekwenda. Mwanakandarasi anayeahidi unga na sukari kwa kundi litakalomaliza mwezi bila jeraha huonekana mwajiri mwema, na huenda nia yake ni njema kweli. Hata hivyo, mpango wa aina hiyo una kasoro isiyoonekana hadi mtu aumie.

Tuzo ikifungamanishwa na idadi ya majeruhi, tena ikiwa ya kundi zima, aliyeumia hujikuta akiwanyima wenzake unga. Atafunga kidonda kwa kitambaa na kurudi kuchanganya zege. Daftari litaonyesha sufuri, na mwenye mjengo ataamini kwamba hatari imepungua.

Gharama ya kimya hicho humwangukia kibarua. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 yataka dai liwasilishwe katika muda wa miezi 12 tangu ajali itokee. Kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia ni mapato ya miezi 96. Jeraha ambalo halikuandikwa popote ni vigumu kulithibitisha. Mapato ya miaka minane kwa pakiti ya unga, hiyo ni biashara ya aina gani?

Kampuni kubwa pia zimeponzwa na takwimu nzuri. Aprili 20, 2010, wakuu wa BP na Transocean walizuru mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, ambao ulisifiwa kwa kutimiza miaka saba bila ajali ya kumkosesha mfanyakazi siku ya kazi. Usiku huo mtambo ulilipuka na kuua watu 11. Mwaka wa 2016, Marekani ilitoa kanuni za kuzuia waajiri kutumia tuzo kuwanyamazisha wanaoripoti majeraha.

Haina maana kwamba tuzo zote ni sumu. Swali ni kinachotuzwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Mwea hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Mtaro uliosimama wima asubuhi waweza kuporomoka baada ya mvua. Anayestahili kutuzwa ni yule anayesema mapema kwamba kingo zimeanza kupasuka, hata kama kazi itasimama nusu siku. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, imekwisha kumpa jukumu la kuripoti hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Kofia ngumu na buti, kwa upande mwingine, si zawadi. Ni wajibu wa mwajiri, ingawa wapo wanaozigawa kana kwamba ni hisani.

Ugumu uko katika nani aamue. Sheria hiyo yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mradi mkubwa kama bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022, huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Nyumba ya kupangisha inayojengwa na mafundi wanane haikifikii. Huko msimamizi ndiye atakayetoa tuzo, na ndiye huyo huyo achaguaye kila alfajiri nani apate kazi. Kibarua atakayemwonyesha mbele ya wenzake kwamba mtaro wake una nyufa huenda asiitwe kesho.