Tuingie Masjala Pamoja

Ndugu zangu wa Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Marereni, na ninyi wa bara kule Ganze, Bamba na Kaloleni:

Mtu akifariki na kuacha shamba, sheria inawaruhusu warithi wake waende mahakamani kuomba hati ya usimamizi wa mirathi. Ombi likipokelewa, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangu siku hiyo mwenye pingamizi ana siku 30 za kuliwasilisha. Siku hizo zikipita kimya, hati hutolewa. Baada ya miezi 6 mwenye hati hurudi kuomba ithibitishwe, mgao ukaandikwa, na kinachobaki ni kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina. Hakuna hatua hata moja hapo inayotakiwa kufanywa kwa siri. Karatasi zote zimo ndani ya faili, na faili imo katika masjala ya mahakama. Hata hivyo mambo haya yote yanaweza kukamilika huku mjane anaendelea kupalilia shamba lilelile, asijue kuwa limeshagawanywa, mpaka siku mgeni anapokuja na mpimaji wa ardhi.

Nawaandikia kwa sababu jambo hilo linazuilika, na kila mmoja akijaribu kulizuia peke yake tutaendelea kushindwa. Ninachowaomba ni tuanze kuzisoma kumbukumbu za mahakama za kaunti yetu kwa pamoja, kijiji kwa kijiji, na iwe kazi ya kawaida kama zilivyo kamati zetu za maji na za mazishi.

Hebu tuifungue faili moja ya mirathi tuone kilichomo. Juu kabisa kuna nambari ya kesi, mwaka, na jina la marehemu, maana mashauri haya hupangwa kwa jina la marehemu wala si la aliyefungua kesi. Ndani kuna cheti cha kifo. Kuna barua ya chifu inayotaja waliobaki. Kuna hati ya kiapo ambamo mwombaji anaorodhesha warithi wote na mali yote, pamoja na nambari za viwanja. Kisha kuna fomu ya ridhaa, ambapo warithi wengine wanatia sahihi kwamba hawana kipingamizi. Kurasa hizo chache ndizo zinazoamua nani atabaki na ardhi na nani atahama. Binti aliyeolewa Taveta hayumo kwenye orodha, kana kwamba hakuzaliwa. Mke wa pili hayumo. Au jina lipo na sahihi ipo, lakini mwenye jina hakuwahi kuiona hiyo fomu, na kalamu iliyomtilia sahihi ni ileile iliyowatilia ndugu zake wanne. Hakimu hawezi kuyajua hayo. Yeye anasoma kilichowekwa mbele yake. Anayeweza kuyajua ni wewe, jirani yako, na mzee wa kijiji anayejua marehemu aliacha watoto wangapi.

Sheria ya Urithi haimtengi binti kwa sababu ameolewa. Tena kifungu cha 76 kinaruhusu hati ya usimamizi ifutwe wakati wowote, hata ikiwa imeshathibitishwa, ikidhihirika kuwa ilipatikana kwa uongo au kwa kuificha mahakama jambo muhimu. Hiyo ni nguvu kubwa mikononi mwetu. Lakini someni pia kifungu cha 93 cha sheria hiyohiyo, kinachomlinda mnunuzi aliyeuziwa na mtu mwenye hati, hata kama hati itafutwa baadaye. Ndiyo maana nasisitiza kuwahi. Ukijua ndani ya zile siku 30, unajaza fomu ya pingamizi. Ukijua baada ya mwaka, unaomba hati ifutwe. Ukijua baada ya shamba kuuzwa, unaweza kushinda kesi na shamba usilione tena.

Waislamu miongoni mwetu wana Mahakama ya Kadhi, na mirathi yao inakwenda kwa sheria yao. Hata huko kuna daftari, kuna nambari na kuna faili. Mirathi ya Kiislamu ina mafungu yanayojulikana, lakini fungu la mtu asiyetajwa haligawiwi.

Pwani hii tunajua gharama ya karatasi iliyopita bila sisi kuiona. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hatimiliki za Ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili 10. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake kwa Msajili wa Hatimiliki. Waliojua njia ya ofisi hiyo walipeleka na wakapewa hati. Wengi wa Wamijikenda hawakupeleka. Tangazo halikuwafikia, au liliwafikia katika lugha na utaratibu usiokuwa wao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoitwa maskwota leo katika mashamba walimozikwa babu zao. Sisemi kwamba kusoma gazeti la serikali kungeuzuia ukoloni. Nasema mlango uliotumika wakati ule ungali wazi, na safari hii wanaoupitia ni ndugu zetu wenyewe, na madalali wetu, na mara nyingine mwana wa baba mmoja.

Kwa hiyo tuanze na Gazeti Rasmi. Hutoka kila Ijumaa, na linasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Matangazo ya mirathi yamepangwa kwa mahakama: jina la mahakama kwanza, kisha nambari ya kesi, jina la marehemu, alikotoka, tarehe aliyofariki, na jina la anayeomba. Kijana mwenye simu anaweza kuyapitia yanayohusu mahakama zetu kabla chai haijapoa. Naomba kila kijiji kiteue vijana wawili, mvulana na msichana, kazi hiyo iwe yao. Wakikuta jina la mtu wa kwetu, walitaje barazani kwa chifu, msikitini, kanisani, na kwenye vikao vya kina mama. Wasiseme fulani ni mwizi. Waseme tu: fulani ameomba kusimamia mali ya marehemu fulani, kesi ni nambari hii, siku 30 zinaisha tarehe hii. Hakuna aliyekosewa heshima kwa kusomewa tangazo ambalo serikali yenyewe imelichapisha ili lisomwe.

Watafute kwa majina yote. Majina yetu yameandikwa na makarani wa kila kabila, na Kadzo amekuwa Kazo, Karisa amekuwa Kalisa, Mwaringa amekuwa Mwalinga. Aliyetafuta jina la baba yake kwa tahajia moja akaambiwa hakuna kesi, bado hajatafuta. Na mkiwa na nambari ya kiwanja, fanyeni sachi katika ofisi ya ardhi mara kwa mara. Mabadiliko hujitokeza huko hata pale ambapo jina limepotoshwa.

Kenya Law pia inachapisha hukumu bure, hasa za Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu. Zisomeni. Lakini kesi nyingi za watu wa kawaida ziko kwa mahakimu, na nyingi kati ya hizo hazifiki kwenye tovuti. Tangu Machi 2024 kesi mpya nchini kote zinafunguliwa kwa njia ya kielektroniki, na hilo ni jema. Anayehusika anaweza kufuatilia kesi yake akiwa saiba. Ila faili ya miaka ya nyuma bado ni karatasi iliyofungwa kwa uzi, iko kwenye rafu ya mahakama fulani ndani ya kaunti hii, na hakuna njia ya kuisoma isipokuwa kwenda.

Basi twendeni, na twende wawili au watatu. Mjane akifika peke yake dirishani, akaambiwa kwa sauti ya haraka arudi Jumatatu, atarudi Jumatatu, na Jumatatu nyingine, mpaka nauli iishe. Akienda na binti aliyesoma na mzee mmoja, mazungumzo hubadilika. Mwombe karani akuangalizie nambari katika daftari la kesi kwa mwaka husika. Omba kuikagua faili, na eleza wewe ni nani na unahusika vipi. Lipa ada iliyowekwa, na ilipwe kwa njia rasmi inayotoa risiti. Ada isiyo na risiti si ada. Ukipata unachotaka, omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Ukikataliwa, usigombane. Andika barua kwa naibu msajili au kwa hakimu mkuu wa kituo, kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu, taja Ibara ya 35 ya Katiba inayompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri ina uzito ambao malalamiko ya mdomo hayana.

Makarani wengi nawaheshimu. Wanafanya kazi kwenye vyumba vyembamba vilivyojaa vumbi, mbele ya foleni isiyokwisha. Lakini sote tunalijua lile neno, "faili haionekani". Mara nyingine ni kweli haionekani, imewekwa rafu isiyo yake. Mara nyingine imefichwa, na huonekana siku ambayo upande mmoja unataka ionekane. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Faili ikipotea, usikubali kwamba kesi imepotea nayo. Mahakama ina uwezo wa kuamuru faili iundwe upya kutokana na nakala walizo nazo wahusika, na ndiyo sababu kila karatasi unayopeleka mahakamani lazima ubaki na nakala yake nyumbani, mahali pasipofikiwa na mvua. Tatizo hili si geni: mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililazimika kuamua afanyiwe nini mtu anayekata rufani wakati kumbukumbu za kesi yake zimepotea, na mahakama zetu hadi leo hurejelea uamuzi ule. Kwa mfungwa, mwenendo wa kesi ulioandikwa ndio njia yake ya kusikilizwa tena. Ibara ya 50 ya Katiba inampa haki ya kupata nakala yake, kwa ada ya kadiri.

Kuna chombo ambacho tumekiacha kwa wengine: Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 ndiyo iliyozaa mfumo huu. Kamati huongozwa na jaji au hakimu, na ndani yake hukaa polisi, waendesha mashtaka, magereza, mawakili na wawakilishi wa wananchi. Hao wawakilishi wa wananchi ni kina nani katika mahakama yako? Kama hujui, nenda ukaulize, kisha kikundi chenu kiombe nafasi. Tukiwa ndani tudai vitu vinavyotekelezeka: ubao wa ada kwa Kiswahili ukutani, daftari linaloonyesha faili imetoka masjala saa ngapi na iko kwa nani, na ratiba ya kuziingiza faili za zamani kwenye kompyuta, tukianza na za ardhi na mirathi.

Tuombe pia takwimu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaturuhusu kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza, tukauliza: mwaka uliopita ni faili ngapi ziliripotiwa kupotea katika kituo hiki? Mwenendo wa kesi unachapwa kwa muda gani? Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na ofisa ana wajibu wa kumwandikia. Tukinyimwa, tunapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ofisi ya Ombudsman. Barua kama hiyo ikiandikwa na mtu mmoja, huwekwa kando. Zikifika 20 kutoka wadi tofauti katika mwezi mmoja, hazitawekwa kando kwa urahisi hivyo.

Neno kwa vijana mtakaopewa kazi hii: si kila karatasi ni ya kutangazwa. Kesi za watoto, na za waliodhulumiwa kingono, zimelindwa, na zimelindwa kwa sababu njema. Mambo ya ndoa za watu si habari ya kijiweni. Picha ya cheti cha kifo cha mzee wa watu isizagae kwenye magrupu ya WhatsApp. Tunatafuta nambari ya kesi, tarehe, orodha ya warithi na kiwanja, tunampelekea anayehusika, basi. Siku kazi hii itakapogeuka kuwa umbeya, masjala zitatufungia milango, na hatutakuwa na la kujitetea.

Naomba kikundi cha kwanza katika kila lokesheni kikutane kabla ya mwisho wa mwezi huu. Kila familia ilete nakala ya cheti cha kifo cha mzee wao, nambari ya kiwanja kama ipo, na jina la marehemu limeandikwa kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa: kwenye kitambulisho, kwenye kadi ya kliniki, kwenye risiti ya ushirika, kwenye kaburi. Mwenye saiba atoe kompyuta moja kwa saa mbili kila Ijumaa jioni. Mwalimu mstaafu asimamie daftari. Wenye pikipiki wajue ni zamu ya nani kumpeleka mjane mahakamani, na kumrudisha.