Nani anasoma barua pepe zinazorudi?

Kila ofisi inayowatumia wananchi barua pepe inapaswa kuwa na mtu mwenye jina na cheo ambaye sehemu ya kazi yake ni kusoma zile zilizoshindwa kufika. Ofisi nyingi hazina mtu huyo. Barua ikikwama, seva huandika taarifa ya kushindwa na kuipeleka kwenye anwani ya marejesho, na katika taasisi nyingi nilizopata kuzikagua anwani hiyo ni sanduku lisilofunguliwa na yeyote, au halipo kabisa. Nasimamia seva za barua pepe kwa riziki yangu. Jambo hili linaniuma kuliko barua taka na kuliko virusi, kwa sababu anayeumia hajui kwamba ameumizwa.

Kijana wa jirani yetu hapa Morogoro aliomba kazi, akachaguliwa kwenda kwenye usaili. Wito ulitumwa Jumatatu, usaili ukiwa Ijumaa. Sanduku lake lilikuwa limejaa. Anwani ya bure ya Google hupewa gigabaiti 15, na picha zinazohifadhiwa kutoka kwenye simu huhesabiwa humo humo, kwa hiyo nafasi huisha mwenyewe akiwa hana habari. Seva ya upande wa pili ilijibu kwamba sanduku limejaa, ijaribiwe tena baadaye. Seva ya ofisi ikajaribu na kujaribu, mwisho ikaandika taarifa ya kushindwa na kuipeleka kwenye anwani ya "usijibu", ambayo fundi wao alikuwa ameielekeza moja kwa moja kwenye takataka. Mama yake alipofuatilia, karani alimjibu kwa adabu kabisa: "Mama, sisi tulituma." Ni kweli walituma. Mama huyo alikuja kwangu jioni kuuliza kama mwanawe anamdanganya.

Barua pepe ina watumaji wawili. Mmoja ni yule unayemwona ukifungua barua. Wa pili, mwenye ile anwani ya marejesho, hutajwa katika mazungumzo ya seva kwa seva kabla barua yenyewe haijapita, mahali ambapo sisi wa fani hii tunapaita bahasha, na msomaji wa kawaida hamwoni. Ni kama barua ya posta: ndani kuna nembo na kichwa cha barua, lakini S.L.P. iliyoandikwa nyuma ya bahasha ndiyo inayomwambia mtu wa posta airudishe wapi. Jonathan Postel aliliweka jambo hili katika kanuni za SMTP, yaani zile zinazoongoza seva kupelekeana barua, alizoziandika Agosti 1982, na barua pepe za leo bado zinasafiri kwa utaratibu huo.

Postel aliona pia hatari ya seva mbili kurushiana taarifa bila kikomo: hii inaieleza ile kwamba barua imeshindwa, taarifa yenyewe inashindwa, ile nayo inarudisha taarifa ya taarifa. Dawa aliyoitoa ni kwamba taarifa ya kushindwa isafiri na anwani ya marejesho iliyo tupu. Mwaka 1989 kanuni za intaneti zilisema bayana kwamba anwani tupu ya namna hiyo lazima ikubaliwe. Bado nakutana na mafundi wanaoizuia, wakiamini kwamba asiyetaja anwani ni mtuma taka. Anayefanya hivyo ameinyima taasisi nzima habari za barua zake zilizopotea.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni muda. Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998 na ambayo mimi huitumia kazini, hushikilia barua kwenye foleni kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa, usipoibadilisha. Siku hizo zina maana yake: seva ya mbali ikizimika mwishoni mwa juma, barua isipotee. Upo mpangilio wa pili wa kumtahadharisha mtumaji kwamba barua yake imechelewa, na huo huja ukiwa umezimwa. Matokeo yake, wito wa Jumatatu usipofika, ofisi huambiwa Jumamosi, usaili umekwisha na nafasi imepata mtu. Ukiweka tahadhari hiyo itoke saa 4 baada ya barua kuingia foleni, karani atajua siku hiyo hiyo na atapiga simu. Ni mstari mmoja tu katika faili la mipangilio.

Kisha kuna lugha. Taarifa hizi hutoka kwa Kiingereza kilichojaa namba, na karani akiziona hudhani ni utapeli, anazifuta. Postfix inaruhusu maneno hayo kubadilishwa katika faili la kawaida la maandishi, nami nimefanya hivyo kazini. Watu wetu wakikwama sasa husoma: barua uliyotuma haikufika, sababu iko hapa chini, tafadhali mpigie simu mpokeaji. Nimeongeza maelezo mafupi: namba inayoanza na 5 maana yake imeshindikana kabisa, inayoanza na 4 ni kwa muda, 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo. Tangu hapo wananijia na swali lenye kichwa na miguu, na mara nyingi wameshalimaliza wenyewe.

Wapo wanaosema taarifa hizi ni utitiri na nyingi ni za uongo. Kwa sehemu wana haki. Watuma taka hughushi anwani ya marejesho, na seva inayopokea kila kitu kisha ikagundua kwamba mpokeaji hayupo huirudisha takataka hiyo kwa mtu asiyehusika. Kosa mara nyingi liko kwenye seva ya mbele, ile inayopokea kutoka nje na kupitisha ndani, ambayo haikupewa orodha ya wenye masanduku. Ipewe orodha, ikatae mlangoni kabla ya kupokea. Na kwa ofisi inayotuma barua kwa maelfu, Daniel J. Bernstein, mwandishi wa qmail, alionyesha njia zamani: kila barua ipewe anwani yake ya marejesho, iliyofumwa ndani yake anwani ya mpokeaji. Ikirudi, programu inajua papo hapo ni ya nani, na mtu anabakiwa na wachache wa kuwapigia simu. Sioni hoja ya uhaba wa wafanyakazi hapo.

Mkuu wa idara unayesoma haya, kesho asubuhi mwambie fundi wako atume barua kutoka kwenye mfumo wenu kwenda kwenye anwani ya nje isiyokuwepo, kisha muulize taarifa ya kushindwa imeangukia kwa nani. Asipoweza kukujibu, teua mtu wiki hii hii, na kazi hiyo iandikwe kwenye majukumu yake.