Cheti cha Miwani Kisiishie Kwenye Namba

Mgonjwa anayetoka kwenye chumba cha kupimia macho hukabidhiwa cheti chenye namba chache kwa kila jicho, kisha huelekezwa dukani. Hapo ndipo kazi ya mhudumu wa afya hudhaniwa kuwa imekwisha. Maamuzi yanayobaki, yaani fremu ya ukubwa gani, lenzi ya malighafi ipi, utando upi ulipiwe na upi uachwe, huamuliwa kati ya mgonjwa ambaye hajawahi kuelezwa lolote na muuzaji mwenye bidhaa ya kuuza. Maamuzi hayo ni sehemu ya tiba. Kliniki inayoyaacha yote mikononi mwa duka imetoa nusu ya huduma, hata kama namba zilizoandikwa ni sahihi.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania waliogunduliwa kuwa na uoni hafifu unaorekebishika kwa miwani. Baadhi yao walipewa miwani bila malipo, wengine wakapewa cheti peke yake. Baada ya miezi 3, hata miongoni mwa waliopewa bure, waliokuwa wakiitumia miwani hawakufika nusu. Miongoni mwa waliopewa cheti tu, walikuwa takribani robo. Sababu za mtu kuiacha miwani kabatini ni nyingi, na si zote zinazotibika kliniki: wapo wanaoogopa dhihaka za wenzao, na wapo wanaoamini kwamba miwani huyadhoofisha macho. Lakini wapo pia wanaoiacha kwa sababu inateleza, inabana nyuma ya masikio, inaacha alama puani au inawapa kizunguzungu. Hao walitaka kutibiwa, na kilichowashinda ni fremu.

Fremu si pambo la lenzi. Ndicho kifaa kinachoishikilia lenzi mahali pake mbele ya mboni, na lenzi iliyo nje ya mahali pake ni dawa iliyopimwa vibaya. Ndani ya mkono wa fremu nyingi zimechapwa tarakimu tatu ambazo wanunuzi wachache huzitazama, kwa mfano 50, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi kwa milimita, ya pili ni upana wa daraja la puani, ya tatu ni urefu wa mkono. Ukijumlisha mbili za kwanza hupatikana 68, ambayo ni umbali kati ya kitovu cha tundu moja la fremu na kitovu cha jingine. Iwapo umbali kati ya mboni za mgonjwa ni milimita 62, fundi atalazimika kukisogeza kitovu cha kila lenzi ndani kwa milimita 3. Kadiri pengo hilo linavyokuwa kubwa, ndivyo ukingo wa nje wa lenzi ya mtu asiyeona mbali unavyozidi kuwa mnene na mzito.

Hesabu yake si ngumu. Kwa lenzi ya plastiki ya kawaida yenye nguvu ya −6, ukingo ulio milimita 24 kutoka kwenye kitovu huongezeka unene kwa takribani milimita 3.5 juu ya unene wa katikati. Ukingo huo ukiwa milimita 28 kutoka kwenye kitovu, ongezeko hufika milimita 4.7. Hii ndiyo gharama ya fremu pana zinazopendwa na vijana siku hizi. Muuzaji huijibu gharama hiyo kwa kupendekeza lenzi nyembamba za bei ya juu, ilhali kubadilisha fremu tu kungepunguza unene bila mgonjwa kuongeza hata shilingi. Lenzi nyembamba zina nafasi yake kwa wenye namba kubwa sana. Kwa wengine wengi, fremu ndogo ya duara au ya pembe zilizofifishwa hufanya kazi hiyohiyo.

Umbali kati ya mboni wenyewe mara nyingi hauonekani kwenye cheti. Kuupima kwa rula huchukua chini ya dakika moja, na kuukosea kuna matokeo. Kwa lenzi ya −6, kukosea kwa jumla ya milimita 5 huzaa nguvu ya prizima ipatayo 3, ambayo misuli ya macho hulazimika kuifidia saa zote za kuvaa miwani. Mgonjwa husema kichwa kinamuuma, huambiwa atazoea, naye baada ya wiki mbili huiweka mezani. (Miwani ya kusomea inayouzwa tayari sokoni nayo haipimwi kwa mtu mmoja mmoja, lakini isidharauliwe kwa sababu hiyo: namba zake huwa ndogo, na kwa mshonaji wa miaka 50 asiyeona tundu la sindano, miwani hiyo ya bei nafuu humrudishia kazi yake.)

Kisha kuna pua. Fremu nyingi zinazoingia nchini zilibuniwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Zikikaa juu ya pua pana yenye daraja la chini, hulala mashavuni au huteleza kila mvaaji anapoinama, na jasho la pwani huzidisha tatizo. Kuteleza si kero tu. Lenzi ya −8 ikisogea mbele milimita 5, hupungukiwa na nguvu ya zaidi ya robo ya dayopta. Mvaaji huhisi macho yake yameharibika zaidi, kumbe miwani imeshuka. Dawa yake ni fremu ya chuma yenye vishikilio vya pua vinavyoweza kukunjwa na fundi, au fremu ya plastiki yenye daraja pana. Mwenye mzio wa nikeli, ambaye hereni na buckle za mkanda humwasha, achague plastiki au titani.

Watoto wanastahili neno lao. Mzazi aliyezoea kununua sare ya shule yenye nafasi ya kukulia huelekea kununua na fremu kwa mtindo huo. Sare ikizidi hukunjwa. Fremu ikizidi, mtoto huchungulia juu yake, na jicho lililokuwa likitibiwa ili lisizoee uvivu huendelea kulala. Fremu ya mtoto iwe ya ukubwa alionao leo, mboni zikae karibu na katikati ya lenzi, na mzazi aelezwe mapema kwamba itabadilishwa.

Katika malighafi ya lenzi ndipo ukimya wa kliniki unapoweza kugharimu jicho. Kioo hakikwaruziki kwa urahisi lakini ni kizito na kikivunjika hutoa vipande vikali. Plastiki ya kawaida, iliyoanza kutumika kwenye miwani katika miaka ya 1940, ni nyepesi na picha yake ni safi. Polikaboneti ndiyo inayostahimili kishindo kuliko hizo mbili. Ina kasoro zake: hukwaruzika upesi isipopakwa utando mgumu, na kwenye namba kubwa huleta rangirangi pembezoni. Lakini kwa mtoto anayecheza, na kwa mtu aliyebaki na jicho moja, kasoro hizo ni ndogo mno zikilinganishwa na faida.

Mtu aliyebaki na jicho moja aangaliwe kwa makini zaidi, kwa sababu mfumo wa sasa humsahau. Mponda kokoto aliyetobolewa jicho na kipande cha jiwe, au dereva wa bodaboda aliyeangukia uso, hutibiwa, hushonwa, na jicho likishindikana hupewa pole na tarehe ya kurudi. Jicho la pili likipimwa na kukutwa linaona 6/6, faili huandikwa kuwa hahitaji miwani. Kwa hakika anaihitaji kuliko mwenye −2. Anahitaji lenzi za polikaboneti zisizo na namba, ndani ya fremu imara, azivae tangu anapoamka hadi anapolala, na kazini avae kinga kamili ya macho. Hana jicho la akiba. Ushauri huohuo unamhusu mwenye jicho la pili lisilofika 6/12 hata kwa miwani. Mstari mmoja kwenye cheti ungetosha kumkinga na upofu, na ni vigumu kupata hoja ya kutouandika.

Baada ya hapo ndipo yaje maswali ya tando, ambayo dukani huja mwanzoni. Utando wa kuzuia mikwaruzo ni wa lazima kwa lenzi yoyote ya plastiki katika nchi ya vumbi. Utando wa kuzuia mng'ao una msingi wa kifizikia ulio wazi: lenzi ya plastiki isiyopakwa kitu huakisi takribani asilimia 8 ya mwanga kwa nyuso zake mbili, na lenzi nyembamba za bei ya juu huakisi zaidi ya hapo. Dereva wa usiku anayekutana na taa za malori atauona ubora wake, na mwenye lenzi nyembamba asiukose. Kwa mkulima anayevaa miwani ya −1 kwenda sokoni si jambo la haraka, hasa kwa kuwa utando huo huonyesha kila alama ya kidole.

Tando zote huharibiwa na mambo mawili ya kawaida kabisa. La kwanza ni kufuta lenzi kavu kwa pindo la kanga au shati, ambako chembe za vumbi hugeuka msasa. Lenzi imwagiwe maji ya baridi kwanza, ioshwe kwa sabuni laini, ndipo ifutwe kwa kitambaa safi cha pamba. La pili ni joto. Miwani iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupata mipasuko midogo kama ya udongo mkavu, kwa sababu plastiki hutanuka kuliko utando uliopakwa juu yake. Mipasuko hiyo haifutiki.

Kuhusu jua, weusi wa lenzi usichukuliwe kuwa kinga. Kinachozuia miale ya urujuanimno ni malighafi au utando maalumu, na lenzi nyeupe kabisa inaweza kuizuia. Alama ya kutafuta ni UV400, yaani kuzuia miale hadi nanomita 400. Polikaboneti huizuia karibu yote kwa asili yake, hivyo mnunuzi wa polikaboneti anayetozwa fedha za ziada kwa utando wa jua analipia kitu alichokwisha kununua. Umbo la fremu nalo lina neno hapa. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni, ambacho wavuvi na wakulima wengi wanacho, kinahusishwa na miale hiyo, na sehemu ya miale huingia kwa pembeni. Kwa mtu wa juani, basi, shauri la fremu ndogo hugeuka: atafute inayofunika na kukumbatia uso, na kofia ya ukingo mpana juu yake. Watu wenye ualbino wanahitaji yote mawili pamoja na kupimwa namba zao kwa uangalifu, kwani lenzi nyeusi pekee haziwapi uoni. Lenzi zinazogeuka rangi zenyewe huwafaa baadhi ya watu, ila wanunuzi waambiwe kwamba husinyaa kazi ndani ya gari, kwa kuwa kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha, na kwamba kwenye joto kali haziwi nyeusi kama kwenye baridi.

Uko utando mmoja unaouzwa kama tiba bila kuwa tiba, nao ni ule wa kuchuja mwanga wa buluu wa simu na kompyuta. Mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha uchambuzi wa majaribio 17 kutoka nchi 6. Haukuona kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta katika muda mfupi uliochunguzwa, wala haukupata ushahidi wa kutosha kwamba zinalinda retina. Mwanga wa buluu unaotoka angani mchana ni mwingi mno kuliko wa kioo cha simu. Karani anayelalamika kuchoka macho huenda hapepesi vya kutosha, au amefika umri wa kuhitaji miwani ya karibu, au namba yake si sahihi. Apimwe, apumzishe macho kila dakika 20 kwa kutazama mbali kwa sekunde 20, na fedha yake ibaki mfukoni. Anayeupenda utando huo kwa rangi yake aununue kama anavyonunua shati. Kinachokera ni kuuona umeandikwa kwenye cheti chenye muhuri wa hospitali, na hukera zaidi pale hospitali yenyewe inapomiliki duka la miwani.

Yapo mapingamizi ya haki. Foleni ni ndefu, na daktari mwenye wagonjwa 60 asubuhi hawezi kutoa somo la fremu. Zaidi ya hayo, kila sharti linaloongezwa kwenye cheti linaweza kupandisha bei hadi mgonjwa akakata tamaa. La kwanza linajibika kwa mgawanyo wa kazi: muuguzi wa macho anaweza kupima umbali wa mboni na kutia alama kwenye cheti kilichochapwa tayari. La pili linajibika kwa kumwambia mgonjwa fedha yake ianzie wapi. Ianze na namba sahihi na fremu inayomkaa, ifuate malighafi kwa anayehitaji kinga, kisha utando wa mikwaruzo, kisha wa mng'ao. Kwa mpangilio huo wengi watatoka dukani wametumia pungufu ya walichopangiwa.

Na cheti kiwe na tarehe ya kurudi. Wiki mbili baada ya kununua, mgonjwa aje na miwani yake usoni, si mkobani. Lenzi zipimwe kwenye mashine kama zinalingana na kilichoandikwa, vitovu vikaguliwe, mikono ikunjwe, skrubu zikazwe. Kazi hiyo haizidi dakika 5, na vifaa vyake tayari vipo katika kliniki nyingi za macho za mikoa.